Ripoti ya Tawi la Thelathini na Moja

Januari, Santiago inachemka kama sufuria isiyo na mfuniko,
nami niko ghorofa ya tisa, nasoma ripoti za madobi.
Arobaini na saba zimefika. Wenye matawi wamekodi jina letu,
povu letu la buluu ukutani, hata mlio wa kengele ya mlango;
wanalipa mrabaha kila mwezi, na kila robo ya mwaka
wanatuandikia. Kazi yangu ni kusoma wanavyojificha.

Wa Talca ameanza na salamu, kurasa mbili za salamu,
kwa heshima na taadhima, mpaka hasara yenyewe
ikaja imechoka, ukurasa wa kumi na nne, ndani ya tanbihi.
Wa Iquique ametuma picha ya wafanyakazi wakitabasamu
na chati ya duara yenye rangi saba, haisemi ya nini.
Wa Rancagua anadai mauzo "yanatia moyo".
Moyo wa nani? Kiasi gani?
Nimeliandika swali hilo pembeni kwa kalamu nyekundu
mara nyingi hata mkono unaliandika bila mimi.

Kisha hii. Punta Arenas, kule chini kabisa
ambako ramani inaishiwa karatasi.
Ercilia Mansilla, mashine sita, wasaidizi wawili.
Kurasa mbili tu, na mstari wa kwanza:

*Tumeshuka asilimia kumi na moja.*

Nilikaa wima.
Mama huyu ameweka jiwe mezani, ndipo akavuta kiti.

*Upepo si sababu. Upepo tunao kila mwaka.*
(Mwaka jana niliukubali upepo, kwa matawi matatu.)
*Hoteli imenunua mashine zake; tumepoteza mashuka
ya vyumba kumi na viwili. Hiyo ni theluthi ya pengo.
Ovaroli za kiwanda cha kaa zimeongezeka,
ila zinanuka na zinakula sabuni mara mbili;
naomba kuzitoza peso mia nane zaidi.*
Habari, sababu, ombi, kiasi: zimekaa benchi moja
bila kusukumana.

*Theluthi mbili zilizobaki ni mashine namba nne.*
Halafu jedwali, dogo kama leso:

*Mpira wa mlango kuchanika: Oktoba 4.
Kuomba mwingine makao makuu: Oktoba 4.
Kuupokea: Novemba 2.
Siku ishirini na tisa, mizigo tisa kwa siku,
peso elfu nne na mia tano kila mzigo.*
Jibu liko chini: 1,174,500.
Amelipigia mstari mmoja. Si miwili.

Hakuandika uzembe. Hakuandika inasikitisha.
Na bado uso wangu ukapata joto lisilo la Januari,
kwa sababu nilifungua faili la vipuri
na fomu ya Oktoba 4 imo, imegongwa muhuri,
na sahihi ya aliyeiweka kando "mpaka wiki ijayo"
ina mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho,
mkia ninaoujua, niliojifunza darasa la nne
ili nionekane mtu mzima.

Bosi wangu, Iturrieta, hupenda muhtasari usiokwaruza.
Angesema: jedwali hilo lihamie kwenye kiambatisho,
huko tunakozika.
Nimeliacha ukurasa wa kwanza.

Sasa namwandikia jibu. Nimeanza:
*Kwa heshima na taad*
Nimefuta.
*Tunasikitika kwamba kulitokea ucheleweshaji*
kana kwamba ucheleweshaji ni mvua, hutokea tu.
Nimefuta.

*Fomu yako ilikaa mezani kwangu siku ishirini na tano.
Ovaroli: peso mia nane zimekubaliwa.*

Feni inazunguka. Mistari miwili mizima,
sijawahi kuandika ripoti fupi hivi,
na kalamu inaning'inia juu ya nafasi ya sahihi
ikiutafuta ule mkia.